Lambo la Shambani Likiwa Pa Kuogelea: Mwongozo Kamili wa Usalama kwa Mwenye Lambo Dogo

Likizo ya Agosti, ya Desemba na siku za Idi zinapokaribia, wenye malambo huku bara ya Malindi huuliza swali moja: wajukuu wanakuja na marafiki zao, lambo limejaa, wataogelea vipi salama? Anayeuliza mara nyingi ameshanunua kihori, ameshajenga banda la makuti na ameshapigilia ubao wa HATARI. Alichokisahau ni mahali pa mtu kushika akitaka kutoka majini. Hapo ndipo watu hukwama kila mwaka, na hapo ndipo mwongozo huu unapotilia mkazo zaidi.

Jambo la kukubali tangu mwanzo ni hili: lambo lilichimbwa kwa ajili ya ng'ombe na mboga. Tingatinga lilikata kingo zake karibu wima, chini ni tope, na maji yana udongo kiasi kwamba mtoto akizama nusu mita humuoni. Usilifungue lambo zima. Fungua kona moja uliyoipima, kwingine kote kufungwe.

Hili ni kweli hata kwa watoto wanaoogelea vizuri. Aliyejifunza kwenye fukwe za Silversands au Mayungu amezoea kubebwa na maji ya chumvi, ambayo ni mazito kuliko ya lambo kwa takriban asilimia 2.5. Amezoea pia mchanga mgumu unaoteremka polepole. Lambo humnyima yote mawili, naye hulijua hilo akiwa ameshaingia.

## Vifaa vya kutafuta kwanza

Usianze kazi mpaka vyote viwe mkononi. Nusu ya kazi iliyofanywa huwapa watu imani kuliko kutofanya lolote, na imani hiyo ndiyo inayowaingiza majini.

- Kamba ya nailoni ya unene wa milimita 10 hadi 12, ya kutosha kukata kona utakayofungua, na mita 20 za ziada.
- Mitungi ya plastiki yenye vifuniko vinavyobana: ya lita 5 kwa maboya, na miwili ya lita 10 kwa uokozi.
- Nguzo za mvinje. Huku kwetu hazisumbui kupatikana.
- Upondo, yaani mti mrefu wa kusukumia chombo, wa mita 4 au zaidi, mkavu, usio na miiba wala ufa.
- Chubwi, yaani kizito cha kupimia kina, au jiwe la kilo moja lenye kiuno cha kufungia kamba.
- Tairi kuukuu za gari, sita au zaidi.
- Rangi nyeupe na nyekundu, na filimbi mbili.
- Jaketi okozi kwa kila atakayepanda chombo, na za watoto ziwe za watoto.

## Hatua ya 1: Kagua tuta kabla ya kuita mtu

Tuta likipasuka, wanaoumia kwanza ni jirani walio chini ya bonde, ambao hata hawakualikwa. Mei 2018, bwawa la binafsi la Patel huko Solai, Kaunti ya Nakuru, lilipasuka usiku na kuua zaidi ya watu 40. Lilikuwa kubwa kuliko lako, lakini maji hufuata kanuni zile zile.

Tembea juu ya tuta, kisha utembee chini yake upande wa nje. Unatafuta nyufa, mahali palipobonyea, mashimo ya kenge na panya, vichuguu, na majimaji yanayochuruzika. Majimaji safi yasiyoongezeka yawekee alama uyafuatilie. Yakitoka na udongo, tuta linaliwa kwa ndani: waondoe watu, waarifu walio chini na chifu, na umwite fundi wa mabwawa siku hiyo hiyo.

Miti haifai juu ya tuta. Mizizi yake ikioza huacha njia za maji. Panda nyasi za kutambaa, na ng'ombe wasipite hapo.

Angalia pia mkondo wa kumwagia maji ya ziada. Uwe wazi, usiwe na magugu wala mtego wa samaki, na maji yakijaa kabisa ibaki kama mita moja hadi juu ya tuta. Mtu asichezee hapo hata siku ya jua, wala karibu na mdomo wa bomba la kutolea maji, kwa kuwa bomba hunyonya na mguu wa mtoto huingia.

Kibali cha lambo hutolewa na Mamlaka ya Rasilimali za Maji (WRA). Kama huna, kitafute kabla ya kualika watu.

Umefaulu iwapo upande wa nje wa tuta ni mkavu, juu pamesawazika, na unaweza kumwonyesha mgeni njia ya maji ya ziada kutoka mwanzo hadi mwisho.

## Hatua ya 2: Lijue lambo likiwa limepungua

Wakati mzuri ni Februari na Machi, kabla ya masika. Maji yakishuka, sakafu yote ya kandokando huonekana, na unaweza kung'oa visiki, seng'enge, chupa na mawe uliyoyasahau. Ukingoja hadi Aprili utafanya kazi hii kwa kupapasa.

Chagua kona yenye mteremko mdogo, mbali na tuta, mkondo na bomba, na iwe inaonekana vizuri kutoka nyumbani au bandani. Kama lambo halina kona ya namna hiyo, mwambie fundi wa tingatinga achonge moja wakati wa kiangazi: kila mita moja ya kushuka iwe na angalau mita tano za kwenda mbele.

Maji yakirudi, pima kina. Funga chubwi kwenye kamba yenye fundo kila nusu mita. Ukiwa ndani ya kihori na jaketi mwilini, nenda mbele hatua moja moja, uteremshe chubwi, uandike. Rudia kwa mistari iliyoachana mita mbili. Unachotafuta ni shimo la ghafla, pale kina kinaporuka kutoka magotini hadi shingoni kwa hatua moja.

Kisha zamisha upondo mpaka uguse chini na uusukume. Ukizama zaidi ya shubiri moja ndani ya tope, kona hiyo haifai bado. Tope hushika mguu, na anayejikwamua huzamisha mguu wa pili. Mwaga mchanga mnene au changarawe sakafu ikiwa kavu, ushindilie, upime tena.

Mwisho simamisha nguzo ya mvinje yenye mistari ya nusu mita ya nyeupe na nyekundu. Maji ya lambo hupanda na kushuka. Palipofika kiunoni mwezi wa saba huenda pakapita kichwa mwezi wa kumi na moja.

Umefaulu iwapo una mchoro wa kona hiyo kwenye karatasi, na mtu mzima ameitembea yote miguu mitupu bila kukwaruzwa wala kunaswa.

## Hatua ya 3: Tengeneza njia za kutokea

Fanya hatua hii hata kama hutaki mtu yeyote aogelee. Lambo lenye maji na lisilo na pa kutokea ni hatari kwa mchungaji, kwa anayechota, na kwa mtoto wa jirani anayefuata mpira.

Malambo yaliyotandikwa nailoni nyeusi ya kuzuia maji ndiyo mabaya zaidi. Nailoni ikilowa na kuota ukungu wa kijani haina pa kushika. Mtu mwenye nguvu zake hupanda hatua mbili na kuteleza tena, hadi achoke. Wengi hudhani hatari ni kina. Hapa hatari ni ukingo, na nimeona watu wazima wakihangaika kwenye maji yanayowafika kifuani.

Kwa lambo la nailoni, unganisha tairi kuukuu kwa kamba, moja chini ya nyingine kama ngazi, kuanzia juu ya ukingo hadi nusu mita chini ya kiwango cha maji cha kiangazi. Kamba ya juu ifungwe kwenye nguzo iliyozikwa mita moja ardhini, nyuma kabisa ya ukingo. Pitisha kamba ndani ya tairi, wala usitumie waya, kwa sababu waya utatoboa nailoni.

Kwa lambo la udongo, chonga ngazi pana na uziimarishe kwa mvinje uliolazwa, kila ngazi na vigingi viwili. Weka kamba ya fundo pembeni ya kushikilia.

Weka njia hizi kila upande wa lambo, zisiachane zaidi ya mita kumi hivi, si kwenye kona ya kuogelea pekee. Mtu haanguki pale ulipomchagulia. Zipake rangi nyeupe sehemu ya juu ili aliye majini, macho yakiwa yamejaa tope, aone aelekee wapi.

Umefaulu iwapo mtu mzima aliyevaa jaketi na nguo zake za kawaida zilizolowa anatoka peke yake kwa kila njia, bila kuvutwa. Jaribu kila njia. Njia isiyojaribiwa usiihesabu.

## Hatua ya 4: Zungushia, kisha kata kona kwa kamba

Uzio ni wa kuwazuia watoto wadogo wakati hamna mtu. Ufike mita 1.2 kwenda juu, na nafasi kati ya fito isimruhusu mtoto kupenya kichwa. Mkonge uliopandwa kwa kubanana hufaa, matawi makavu ya mathenge pia hufaa kwa muda. Usitumie mnyaa karibu na maji: utomvu wake huunguza macho na huua samaki.

Lango lijifunge lenyewe. Funga kamba kwenye lango, ipitishe juu ya nguzo, na upande wa pili uning'inize kopo lenye mchanga. Uzito wa kopo hulirudisha lango kila mara mtu akiliachia. Komeo liwe juu, mtoto asilifikie.

Ndani, kata kona ya kuogelea kwa kamba yenye boya la mtungi wa lita 5 kila mita mbili. Mwisho wa kamba uwe pale kina kinapofika mita moja. Fuata kina, usifuate mahali: nguzo ya kipimo ikionyesha maji yamepanda, sogeza kamba nyuma kabla ya watu kuingia.

Usijenge mahali pa kujirushia. Kupiga mbizi kwa kichwa kwenye maji ya udongo huvunja shingo, na aliyevunjika shingo majini huzama kimya.

Ubao uweke, lakini usiutegemee. Sheria ya Kenya, Sura ya 34, humdai mwenye mahali awe na uangalifu wa kutosha kwa wageni wake, na atarajie kwamba watoto hawatakuwa waangalifu kama watu wazima. Ubao usiomwezesha mgeni kuwa salama haukuondolei jukumu.

## Hatua ya 5: Maji yenyewe

Kichocho. Pwani yetu ina kichocho cha mkojo, na kinapatikana kwenye maji yaliyotuama yenye konokono wadogo. Kagua majani ya kandokando na chini ya matete. Ukiwaona konokono, fungua lambo kwa kihori na kuvua samaki tu, watu wasiogelee. Msimamo wangu hapa ni mkali, kwa sababu hakuna anayeweza kujua kwa macho ni konokono gani aliyebeba ugonjwa, na kujifuta kwa taulo hakukuhakikishii kinga.

Vimelea hutoka kwa konokono kwa wingi zaidi jua likiwa kali, takriban saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, muda ule ule watoto wanaotaka kuingia. Fyeka magugu ya majini, na ujenge choo mbali na lambo, upande ambao mvua haitakileta majini. Mtu yeyote asikojoe majini. Mzunguko wa kichocho huanzia hapo.

Mamba na viboko. Aliye karibu na Sabaki au ziwa la Jilore asidhani lambo lake ni salama kwa kuwa limejitenga. Mto ukifurika, mamba husafiri. Baada ya kila mafuriko, kagua matope ya ukingoni kwa nyayo na mburuzo wa mkia, na umulike maji usiku kwa tochi ukiwa mbali: macho ya mamba hung'aa. Ukiona dalili, funga na uwaite KWS, shirika la wanyamapori. Usijaribu kumtega mwenyewe.

Jioni. Saa kumi na moja watu wote wawe wametoka. Mwanga ukififia mwangalizi haoni, kiboko kama yupo huanza kutoka kwenda malishoni, na mbu wa malaria huanza zamu yao.

## Hatua ya 6: Mwangalizi wa maji

Hapa ndipo karamu nyingi huharibikia. Watu kumi wamekaa ukingoni, kila mmoja anadhani mwenzake anaangalia. Anayezama hapigi kelele wala hapungi mkono. Kichwa huinama nyuma, mdomo upo sawasawa na maji, mikono inasukuma pembeni, na ndani ya dakika moja amekwisha kwenda chini. Ukitegemea kusikia, utachelewa.

Teua mtu mmoja kwa jina, mbele ya wote. Avae kitu kinachoonekana, na filimbi ining'inie shingoni. Kazi yake ni kuangalia tu: hachomi samaki, hashiki simu, hazungumzi na mgeni aliyefika. Baada ya nusu saa mwingine ampokee, na makabidhiano yawe ya sauti, "waliomo majini ni saba," naye ajibu, "nimewahesabu, ni saba." Hesabu isipolingana, filimbi hulia na wote hutoka.

Mwangalizi mmoja hatoshi kwa watoto zaidi ya wanane. Mtoto chini ya miaka mitano awe na mtu mzima wake ndani ya maji, umbali wa mkono.

Aliyekunywa mnazi haingii majini, hapandi kihori na hawi mwangalizi. Liseme hili asubuhi kabla ya mtu yeyote kunywa. Kumwambia mjomba saa tisa alasiri ni kuchelewa.

Kina mama wanaotaka stara wapewe saa zao au upande wao wenye ukuta wa makuti. Lakini ukuta ule ule unaowasitiri huwaficha na mwangalizi, kwa hiyo wawe na mwangalizi wao, mwanamke, ndani ya ukuta, mwenye upondo na mtungi wake. Nguo ziwe suruali na blauzi nyepesi zinazobana kiasi. Dera na leso zikilowa huwa nzito na huzonga miguu.

## Hatua ya 7: Kihori, tyubu na uvuvi

Kila aliye ndani ya kihori avae jaketi na kuifunga, hata mvuvi wa miaka mingi. Jaketi ijaribiwe nchi kavu: inyanyue kwa mabega, ikipita masikio ni kubwa mno. Ya mtoto iwe na mkanda wa kupita kati ya miguu.

Tyubu za magari ziwe zimefungwa kamba ukingoni. Agosti kusi huvuma, Desemba ni kaskazi, na upepo wowote kati ya hizo humpeleka mtoto katikati ya lambo huku anacheka. Anayevua kwa ndoana akae upande mwingine kabisa.

## Hatua ya 8: Fanyeni zoezi la uokozi kabla ya kuogelea

Simamisha nguzo ukingoni mwa kona. Itundikie upondo na mtungi wa lita 10 uliofungwa kamba ya mita 15 hadi 20. Ndani ya mtungi tia nusu lita ya maji: mtungi mtupu hurudishwa na upepo, na wenye maji kidogo hufika unapourusha. Vifaa hivi havitumiki kwa kazi nyingine yoyote.

Kila mtu mzima na kila mtoto mkubwa afanye mpangilio huu kwa mikono yake:

1. Piga filimbi, uite watu, na umwambie aliye majini maneno mafupi: "Shika! Piga miguu!"
2. Lala kifudifudi ukingoni umfikishie upondo. Ukisimama atakuvuta.
3. Asipofikiwa, rusha mtungi umpite kidogo, kisha uvute kamba imjie.
4. Bila upondo wala mtungi, fungeni leso kwa ncha. Leso moja ina kama mita moja na nusu, tano zinafika mbali.
5. Usimrukie. Anayezama hukumbatia chochote, na ndivyo wanavyokufa wawili. Kama hapana budi, nenda kwa kihori ukiwa na jaketi.

Akitolewa, usimning'inize kichwa chini wala kumkamua tumbo. Hayo hupoteza dakika na huleta matapishi yanayoingia mapafuni. Mlaze chali, inua kidevu, tazama kama anapumua. Kama hapumui, mbane pua umpulizie pumzi 5, kifua kikiinuka. Kisha mkandamize katikati ya kifua mara 30 na kumpulizia pumzi 2, mkirudia bila kusimama. Mwendo ni mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kwa mtu mzima kifua kishuke sentimita 5 hadi 6, kwa mtoto theluthi ya unene wa kifua chake.

Mwingine apige 999 au 112, au Msalaba Mwekundu wa Kenya kwa 1199, huku gari likiwashwa. Andika ubaoni jina la kijiji, barabara na alama ya njia panda, kwa kuwa aliyeshtuka hawezi kuelekeza. Anayepumua mlaze kwa ubavu. Hata akizinduka na kuomba chai, apelekwe hospitali: mapafu yaliyoingia maji huweza kuzidi kuharibika saa kadhaa baadaye.

Umefaulu iwapo kijana wa miaka kumi na miwili anaweza kuurusha mtungi ukafika kwenye kamba ya maboya, na kila mtu anajua funguo za gari ziko wapi.

## Hatua ya 9: Siku za kufunga

Funga wakati wa mvua na ngurumo, na usifungue mpaka nusu saa ipite tangu radi ya mwisho. Funga pia siku mbili tatu baada ya mvua kubwa, kwa sababu maji huwa yamekuja na kinyesi cha ng'ombe na cha vyoo, sakafu imebadilika, na huenda shimo jipya limechimbika pale pale ulipopima. Kabla ya kufungua, rudia chubwi, rudia tuta, tazama nyayo, sogeza kamba.

Na waliokwisha kuogelea kwenye lambo lolote wapimwe mkojo zahanatini wiki sita hadi nane baadaye, hata kama hawasikii kitu. Mtoto anayetoa damu mwishoni mwa kukojoa apelekwe mara moja. Dawa ya kichocho, prazikwanteli, hutolewa kulingana na uzito wa mtu, kwa hiyo usimgawie mtoto kidonge cha mkubwa.